Sura ya Sita: Meza ya Stefano

Kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Stefano liko kando ya Jogoo Road, barabara iliyoitwa Doonholm Road enzi za mkoloni. Kila asubuhi maelfu ya watu wa Eastlands hulipita wakiwa kwenye matatu. Wengi wanamjua Stefano kuwa shahidi wa kwanza, yule aliyepigwa mawe huku Sauli akilinda mavazi ya wauaji. Jinsi alivyoingia katika kazi ya kanisa husahaulika. Mlango wa sita wa Matendo ya Mitume unaanza na manung'uniko ya kikabila. Wajane wa Wayahudi wasemao Kigiriki walikuwa wakirukwa katika mgao wa chakula wa kila siku, na wajane wa Waebrania wenyeji walikuwa wakipata. Mitume hawakutoa mahubiri juu ya upendo siku ile, wala hawakuwasihi waliorukwa wavumilie. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia mgao, na majina yao yakaandikwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Meza ilikabidhiwa upande uliokuwa ukilalamika.

Naisoma historia ya makanisa ya Eastlands nikiitazama meza ile. Matamko dhidi ya ubaguzi ni mema na yapo mengi. Lakini kanisa la mtaani lina kwaya, lina wazee, lina mfuko wa mazishi na mfuko wa karo, na msimamo wake hujulikana kwa yule aliyeshika kijiko.

Nairobi ilibaguliwa hata kabla haijawa jiji. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimwita Profesa W. J. Simpson achunguze afya ya mji uliokuwa umesumbuliwa na tauni, naye akapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watengewe sehemu zao. Vilima vya magharibi vyenye hewa safi na miti vikawa vya Wazungu. Wahindi wakapata Ngara, Parklands na viwanja vya Eastleigh. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye udongo mweusi unaogeuka tope mvua ikinyesha. Pumwani ilitengwa kuwa makazi ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ikafuata Kariokor, iliyorithi jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, kisha Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni, ambayo vijana wake wanaiita Ololo. Reli ilikuwa na Muthurwa na Makongeni zake. Mwanamume Mwafrika alitembea na kipande cha utambulisho kikining'inia shingoni. Nyumba nyingi zilikuwa za wanaume wasioandamana na wake zao, watu wa kupewa kitanda tu, kwa kuwa mkoloni alimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa kibarua ambaye siku moja angerudi kwao.

Makanisa yalifuata ramani hiyo. Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Watakatifu Wote liliwekwa mwaka 1917, upande wa mji walikokaa watawala, na waliosali humo walikuwa Wazungu. Kazi ya CMS, shirika la misheni la Kianglikana, miongoni mwa Waafrika iliongozwa na George Burns, mmishonari kutoka Australia aliyefika Nairobi mwaka 1906, na ndiyo iliyozaa ushirika wa Mtakatifu Stefano. Wakatoliki Waafrika walijengewa kanisa la Mtakatifu Petro Klaveri, yule Mjesuiti aliyewahudumia watumwa waliokuwa wakishushwa bandarini Cartagena. Jina hilo lilitolewa kwa heshima, sina shaka. Lakini Mkatoliki wa Pumwani alijua vilevile kwamba Mzungu na Mgoa walikuwa na makanisa yao kwingine, na kwamba yeye alipewa mlezi wa watumwa awe msimamizi wake mbinguni.

Hiyo ilikuwa mipaka ya rangi. Mipaka ya kabila ililetwa na misheni zenyewe, tena kwa nia njema. Mwanzoni mwa karne ya 20 misheni za Kiprotestanti ziligawana nchi ili zisigombanie waumini. Waskoti walikuwa Kikuyu, baadaye Tumutumu na Chogoria. Wakwekeri walifika Kaimosi mwaka 1902, miongoni mwa Waluhya. Africa Inland Mission ikashika Ukambani na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa. CMS ilikuwa Pwani, Ukikuyuni na Nyanza, na Waadventista wakaenda Gusii na kando ya ziwa. Juni 1913 viongozi wa misheni walikutana Kikuyu kutafuta shirikisho. Askofu Frank Weston wa Zanzibar akaja juu, mzozo ukafika hadi Uingereza, na kanisa moja la Kenya halikuzaliwa.

Kwa hiyo kijana aliyepanda treni Kisumu akaja kufanya kazi ya reli Makongeni alishuka na dhehebu lililokwisha kuwa na kabila. Vivyo hivyo aliyetoka Nyeri, aliyetoka Machakos, aliyetoka Vihiga. Mjini alilala chumba kimoja na watu wa kwao, akaingia katika chama cha watu wa kwao, na Jumapili akaenda kanisa la misheni ya kwao. Hata leo ukitaja dhehebu la mtu Nairobi, aliye karibu nawe huanza kubahatisha jina lake la ukoo.

Katika yote hayo, kifo ndicho kilichokaza fundo. Mtu aliweza kukaa Shauri Moyo miaka 30 na bado akazikwe kwao, na safari hiyo ilihitaji fedha, jeneza, gari na watu wa kusimamia. Vyama vya kikabila vilipata nguvu hapo. Makanisa, badala ya kuchukua mzigo huo kwa niaba ya waumini wote, yaliuacha mikononi mwa vyama hivyo, au yakaunda kamati za mazishi zilizofuata lugha. Kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, ilionyesha jambo hili lilivyo zito. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika Upper Matasia karibu na Nairobi, na ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Walikuwa Wakristo waliofunga ndoa ya kisheria. Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na mjane hakuhudhuria mazishi. Katika mitaa ya Eastlands, yenye ndoa nyingi za makabila mawili, watu waliifuatilia kesi ile wakijua inawahusu.

*

Waliojaribu mapema kuvuka mipaka yote miwili walikuwa ndugu wa Uamsho. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Gahini, Rwanda, na watu wawili wanaotajwa kila mara katika chimbuko lake ni Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church, waliokutana Namirembe mwaka 1929 wakasali pamoja. Mwaka 1937 ulifika Kenya. Desturi yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitenda: watu waketi pamoja, mtu aseme dhambi yake hadharani, waliosikia waimbe Tukutendereza. Mmishonari aliweza kusimama akakiri kwamba amewadharau Waafrika. Mkikuyu akakiri chuki yake kwa Mjaluo akiwa amemtazama usoni. Wakaitana ndugu na dada. Kwa Kenya ya miaka ya 1940, ambako Mzungu aliweza kumwita mzee wa miaka 60 "boy", hilo lilikuwa jambo la ajabu, na naliheshimu kwa moyo wote. Kasoro yake naiona vilevile. Ndugu walishughulikia dhambi ya moyoni wakaiacha sheria ilivyo. Ardhi iliyonyang'anywa, kipande, mshahara wa rangi tatu, hayo waliyaona kuwa mambo ya dunia. Mmishonari akikiri dharau yake Jumapili, Jumatatu barua ya kuwafukuza maskwota bado ilikuwa mezani kwa mkuu wa wilaya.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Mitaa miwili ya Eastlands inabeba majina ya watu waliouawa Nairobi katika miezi ile: Tom Mbotela, mwana wa James Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa, na Ambrose Ofafa, kiongozi katika Luo Union. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi walizingira jiji katika operesheni iliyoitwa Anvil. Walipita nyumba kwa nyumba, wakawatoa watu, wakawapanga kwa kabila. Mkikuyu, Mwembu na Mmeru walitengwa na wengine, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa nyuso ambao kazi yao ilikuwa kutikisa kichwa. Zaidi ya wanaume 20,000 waliishia vizuizini, wakipitia Lang'ata kwenda Mackinnon Road na Manyani. Wake na watoto walirudishwa mashambani kwa maelfu. Bahati, mtaa uliokuwa mpya, ulizungushiwa waya wa miba. Nafasi za kazi na vitanda vilivyoachwa wazi vilichukuliwa na Wajaluo, Wakamba na Waluhya, na chuki iliyopandwa hapo ilivunwa na wanasiasa kwa miaka mingi iliyofuata.

Ndani ya waya ule kulikuwa na Wakristo. Kadi ya ushirika haikumwokoa mtu. Aliyetikisiwa kichwa alikwenda. Baraza la Kikristo la Kenya, lililoundwa mwaka 1943 na leo ni NCCK, lilifungua vituo vya jamii katika mitaa ya Waafrika. Mwaka 1955 CMS ilichapisha London kijitabu cha kulaani ukatili uliokuwa ukifanywa kwa jina la usalama. Mwaka huohuo Festo Olang', Mluhya, na Obadiah Kariuki, Mkikuyu, waliwekwa wakfu pamoja huko Namirembe wakawa maaskofu wa kwanza Waafrika wa Kianglikana nchini Kenya. Kanisa la Kianglikana la Pumwani lilianzisha kituo cha jamii cha St. John's mwaka 1957, ndani ya mtaa ambao wenyeji wake wengi ni Waislamu, na kituo hicho kiliwapokea watoto wa Majengo bila kuwauliza wanasali wapi.

Nimtaje pia Carey Francis. Alikuwa mwalimu mkuu wa Alliance tangu 1940 hadi 1962, akawafundisha wengi waliokuja kuwa mawaziri. Alipostaafu hakurudi Uingereza. Alikwenda kufundisha Pumwani Secondary, shule ya Eastlands, akabaki huko mpaka alipofariki mwaka 1966. Alikuwa mtu wa amri, na kwa muda mrefu hakuona kwamba Waafrika walikuwa tayari kujitawala. Lakini katika miaka yake ya mwisho alikuwa mwalimu wa kawaida katika shule ambayo mkuu wake hakuwa yeye, na hilo wamishonari wengi wenye mahubiri bora kuliko yake hawakuliweza.

*

Uhuru ulipofika, mlango wa Watakatifu Wote ulifunguka. Mwaka 1970 Olang' akawa askofu mkuu wa kwanza wa Kenya, na mwaka uliofuata Henry Okullu akawa provosti wa kwanza Mwafrika wa kanisa kuu lile. Kwa Wakatoliki, Maurice Otunga akawa askofu mkuu wa Nairobi mwaka 1971, na kardinali mwaka 1973. Ubaguzi wa rangi uliokuwa umeandikwa kwenye viti ulifutika kwa haraka iliyowashangaza hata waliousimamia.

Ukabila haukufutika. Na haikuwa lazima uwe hivyo, maana Eastlands ilikuwa imeonyesha njia nyingine. Mwaka 1961 jimbo la Nairobi Mashariki, lenye wapiga kura wengi Wakikuyu, lilimpa Tom Mboya, Mjaluo na Mkatoliki, ushindi wa kishindo dhidi ya Dkt. Munyua Waiyaki. Watu wa Kaloleni, Bahati na Pumwani walimchagua mtu aliyewapigania kazini. Tarehe 5 Julai 1969 Mboya alipigwa risasi Government Road. Misa yake katika kanisa la Holy Family ilivurugika kwa ghasia na mabomu ya machozi, na katika miezi iliyofuata Wakikuyu walisombwa kwa malori kwenda Gatundu kuapa kwamba uongozi hautatoka nyumba ya Mumbi.

Hapo kanisa lilipata saa yake njema. Okullu, wakati ule mhariri wa gazeti la Kikristo la Target, ambalo pacha wake wa Kiswahili lilikuwa Lengo, aliandika kupinga kiapo waziwazi. Yeye alikuwa mwana wa Asembo, na ungeweza kusema Mjaluo anapinga kiapo cha Wakikuyu, kuna gharama gani? Ndiyo maana sauti iliyokuwa na uzito zaidi ilikuwa ya viongozi wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri lililotokana na misheni ya Waskoti. Kanisa lao lilijaa Wakikuyu, waumini wao ndio waliokuwa wakisombwa, na walioapisha walikuwa majirani zao wenye vyeo. Walipinga. Kumkemea mbaguzi wa kabila jingine hakuhitaji ujasiri mwingi. Kazi ni kumkemea wa nyumbani kwako.

Miaka sita baadaye dunia ilikuja Nairobi. Kuanzia Novemba 1975 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilifanya mkutano wake mkuu wa tano katika jumba la KICC. Baraza hilo lilikuwa limeanzisha mpango wa kupambana na ubaguzi wa rangi mwaka 1969, na tangu 1970 lilitoa fedha kwa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, jambo lililowagawa Wakristo wa Ulaya. Nairobi ilishangilia. Ni sawa kabisa ilivyoshangilia. Lakini kutoka KICC hadi Muthurwa unaenda kwa miguu, na sauti iliyopazwa kuhusu Pretoria haikupazwa hivyo kuhusu nani anapata kazi katika ofisi ya serikali na kwa jina lipi la ukoo.

Afrika Kusini yenyewe ina funzo ambalo hatukulichukua. Mwaka 1857 sinodi ya kanisa la Kireformati la Kidachi iliamua kwamba ni vyema na ni vya Kimaandiko watu wote washiriki pamoja, ila kwa sababu ya udhaifu wa baadhi, wasio Wazungu wangeweza kuwa na ibada yao mahali pao. Ilikuwa ruhusa tu. Ndani ya miaka 25 kulikuwa na kanisa tofauti la watu wa rangi, na karne iliyofuata walikuwepo wanatheolojia wa kueleza kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyetaka mataifa yatengane. Iliwabidi waumini wa kanisa lile lililotengwa waandike Ungamo la Belhar, lililotungwa 1982 na kupitishwa 1986, kusema kwamba jambo hilo ni uzushi.

Ninalitaja kwa sababu ya ibada zetu za lugha. Katika makanisa mengi ya Eastlands Jumapili ina zamu: ibada ya Kiingereza mapema, ya Kiswahili baadaye, na mahali pengine ya Kikikuyu, Kijaluo au Kikamba. Sisemi huu ni ubaguzi wa Afrika Kusini. Bibi aliyeletwa na mwanawe kutoka Murang'a kuja kutibiwa ana haki ya kumsikia Mungu kwa lugha aliyonyonya nayo, na anayemnyima hilo kwa jina la umoja anamwonea. Ninachohofia ni kinachofuata ibada. Ibada ya lugha huzaa kwaya ya lugha, kwaya huzaa chama cha akina mama, chama huzaa mfuko, na mfuko huchagua mzee wa kanisa. Baada ya miaka kumi kuna makanisa mawili ndani ya ukuta mmoja, yanayokutana kwenye maegesho ya magari.

Kwa upande wa Wakatoliki kuna mpango ambao naona umefika karibu zaidi na meza ya Stefano. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliamua katika mikutano ya 1973 na 1976 kwamba kanisa la Afrika Mashariki lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Jumuiya hufuata makazi. Buruburu hufuata mtaa wa nyumba chache, Umoja na Kayole hufuata ploti. Nyumba kumi au 15 hukutana kila wiki sebuleni kwa mmoja wao, kusoma Injili kwa Kiswahili. Humo unamkuta Mkisii, Mkamba, Mjaluo, Mtaita. Mtu akilazwa, hao ndio wanaokuja na uji. Akifa, hao ndio wanaoanza mchango kabla ya ukoo kupata habari. Mwenyekiti huchaguliwa na majirani. Nimeketi katika jumuiya kama hizo, na nasema bila kusita kwamba kwa kupunguza ukabila zimefanya zaidi ya nyaraka zote za kichungaji nilizozisoma.

Zina mpaka wake. Jumuiya huchanganya makabila pale tu mtaa unapoyachanganya. Tarehe 3 Machi 2002 zaidi ya watu 20 waliuawa Kariobangi Kaskazini katika uhasama wa Mungiki na kundi lililojiita Taliban, moja likitambulika kwa Wakikuyu na jingine kwa Wajaluo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto ukawaka Mathare, Huruma, Kariobangi na Dandora. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Wapangaji wengi waliofukuzwa hawakurudi katika nyumba zilezile, na vijiji vya Mathare vikajipanga kwa kabila kuliko zamani. Jumuiya inayofuata ploti katika kijiji cha kabila moja huwa jumuiya ya kabila moja.

Februari 2008 NCCK ilifanya jambo ambalo makanisa hayafanyi mara nyingi. Ilikiri hadharani kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande katika uchaguzi, na kwa hiyo hawakuweza kuikemea dhuluma, na ikaomba radhi. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini aliyekaa kwenye makanisa ya Eastlands katika ule mwaka wa kampeni anakumbuka walivyoletwa wanasiasa kwenye mimbari na bahasha zao, kila ushirika na mfalme wake wa kikabila. Ilichukua hadi Septemba 2021 ndipo Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipowakataza wanasiasa kusema katika ibada za Kianglikana. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, akakataa fedha ambazo rais alikuwa ametoa katika Kanisa Katoliki la Soweto, jijini Nairobi, akaagiza zirudishwe. Bahasha ile ni sehemu ya suala la ukabila, maana anayegharimia paa ndiye atakayepewa kipaza sauti wakati wa kampeni.

*

Mpaka hapa nimesema juu ya Wakristo na Wakristo. Jirani anayetupima kuliko wote si Mkristo, na mara nyingi hatumhesabu kuwa Mkenya.

Wasomali wamekuwa Eastleigh tangu siku za mwanzo za mtaa huo. Baada ya Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 walitazamwa kama wageni. Mwezi Novemba 1989 serikali iliagiza Wasomali wote wa Kenya wachujwe na wapewe kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho cha kawaida, kipande kipya kwa jamii moja. Halafu Somalia ikaporomoka, wakimbizi wakaja, na Eastleigh ikawa soko kubwa. Lakini tangu kabla ya hapo walikuwepo Wakristo waliochagua kukaa nao. Wamenonite waliokuwa wamefanya kazi Somalia walianzisha katika miaka ya 1970 kituo cha Eastleigh Fellowship Centre, chenye maktaba na uwanja wa mpira wa kikapu ambako vijana Wasomali walicheza na kusoma. Mmoja wao, David Shenk, aliandika pamoja na Mwislamu kutoka Uganda, Badru Kateregga, kitabu kilichotoka 1980 ambamo kila mmoja anaeleza imani yake na mwenzake anajibu.

Jumapili ya tarehe 30 Septemba 2012 guruneti lilirushwa kwenye darasa la watoto la Jumapili katika kanisa la Mtakatifu Polikapo, Juja Road. Mtoto mmoja alikufa na wengine wakajeruhiwa. Viongozi wa Waislamu walilaani siku hiyohiyo. Hata hivyo kundi la vijana liliingia Eastleigh likawapiga Wasomali na kuwavunjia nyumba. Tarehe 18 Novemba bomu likalipuka ndani ya matatu Eastleigh, watu wakafa, na kesho yake maduka ya Wasomali yakavamiwa tena. Waliofanya hivyo walijiona wanalipa kisasi cha kanisa. Miezi michache kabla, baada ya watu 17 kuuawa katika makanisa ya Garissa tarehe 1 Julai, viongozi wa Waislamu walikuwa wameahidi kuwatoa vijana wao walinde makanisa. Na Desemba 2015, basi la kwenda Mandera liliposhambuliwa, abiria Waislamu, wengi wao Wasomali, walikataa kujitenga na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akiwatetea, akafa Januari iliyofuata.

Aprili 2014 ikaja operesheni ya Usalama Watch. Polisi walipita Eastleigh nyumba kwa nyumba usiku, wakawatoa watu, wakawapanga kwa sura. Karibu watu 4,000 walikamatwa. Wengi walijazwa katika uwanja wa Kasarani wachujwe, wengine katika seli za Pangani ambamo hapakuwa na nafasi hata ya kuketi. Wenye vitambulisho halali walishikiliwa pamoja na wasio navyo, na aliyekuwa na pesa alitoka. Ilikuwa miaka 60, mwezi kwa mwezi, tangu Anvil, na kutoka Eastleigh hadi Bahati si mbali. Katika makanisa ya Bahati, Kaloleni na Shauri Moyo bado walikuwepo wazee ambao baba zao walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa nyuso. Walijua mtoto anavyomngoja baba aliyepakiwa kwenye lori. Baadhi ya viongozi wa dini walisema. Makanisa mengi ya mtaani yalinyamaza, na katika baadhi yake waumini walifurahi.

Hapo ndipo ahadi ya kanisa dhidi ya ubaguzi inapopaswa kuandikwa, na iandikwe kama mitume walivyofanya, kwa majina na kazi. Baraza la parokia lihesabu wazee wake na waweka hazina wake kwa jamii, na pale ambapo jamii moja imeshika kila kitu, nafasi inayofuata ipewe waliorukwa. Mfuko wa mazishi uwe mmoja, na kiasi kiwe kile kile kwa safari ya Kitui, ya Siaya na ya Lang'ata. Fungu la karo na la chakula katika maeneo kama Pumwani na Eastleigh liwe na mkono wa jirani Mwislamu katika kuamua nani anapata. Operesheni nyingine ikija, na katika nchi hii huja, kuwe na mchungaji na wakili waliokwisha kuteuliwa, wenye namba za simu za wazee wa Kisomali wa mtaa, na fedha kidogo zilizotengwa katika bajeti ya mwaka. Kanisa la Mtakatifu Polikapo liko Juja Road. Kituo cha polisi cha Pangani hakiko mbali nalo, na usiku wa kwanza mtu anahitaji kwanza ajulikane yuko wapi, jina lake liandikwe na mtu asiyevaa sare, na asubuhi awepo wa kwenda naye mahakamani.